Si Kila Upungufu wa Damu ni Upungufu wa Chuma

Wengi wetu tukipewa cheti cha maabara hutazama tarakimu moja tu: wingi wa damu. Mimi niliyezaliwa na thalasemia ndogo ya aina ya beta imenilazimu kukisoma chote. Himoglobini yangu haizidi 11, na ukubwa wa chembe zangu nyekundu ni 65, ilhali wa kawaida ni 80 hadi 100. Asiyeijua hali hii huharakia kuniandikia vidonge vya kuongeza damu. Kumbe kipimo cha feritini huonyesha akiba ya chuma mwilini; akiba ikitosha, vidonge hivyo havitibu kitu, na chuma kikizidi sana hudhuru ini na moyo. Kipimo cha aina za himoglobini ndicho kitoboacho siri: ile iitwayo A2 ikizidi asilimia 3.5, ndiyo alama ya hali yangu.

Mimi sisumbuliwi nayo. Lakini wazazi wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye thalasemia kubwa, ahitajiye kuongezewa damu mara kwa mara. Basi mwenye cheti kama changu asikifiche; mchumba wake naye apimwe kabla ya harusi.