Mshipa wa Nyuma

Karatasi yenyewe ninayo mpaka leo, nimeikunja mara mbili ndani ya daftari langu la zamu. Imeanza kufifia, kama kawaida ya karatasi zinazochapwa kwa joto, lakini bado inasomeka: miraba midogo ya rangi ya waridi, na juu yake mawimbi ya moyo wa mzee mmoja aliyekuwa akiuza nazi soko la Buguruni.

Mimi ni tabibu. Zahanati niliyokuwa nikifanyia kazi wakati huo haikuwa mbali na soko, na wagonjwa wetu wengi walikuwa watu wa hapo hapo: wapagazi, mama lishe, madereva wa bajaji, wenye meza za vitunguu. Kifua kikimbana mtu wa sokoni, hasemi moyo. Anasema gesi, vidonda vya tumbo, kichomi, au gunia alilobeba jana. Anapofika kwetu ameshapita duka la dawa na kumeza omeprazo. Mzee alikuja vivyo hivyo, saa 11 alfajiri, kiganja kimelala katikati ya kifua, shati limelowa jasho ilhali ilikuwa Julai na kulikuwa na ubaridi.

"Daktari, nilikula muhogo usiku, umenikaa hapa."

Tulikuwa na ECG, mashine ya kupima umeme wa moyo, kitu ambacho zahanati nyingi hazina. Nikampima. Nilikuwa nimefundishwa kutafuta jambo moja: mstari uliopanda. Ukipanda kwenye njia mbili zinazopakana, mshipa wa moyo umeziba, mkimbize mgonjwa. Kwake haukupanda popote. Kwenye njia za mbele ya kifua, V2 na V3, ulikuwa umezama kidogo, nami sikuupa uzito. Nikampa dawa ya tumbo na ya maumivu, nikamwambia aende akapumzike, arudi saa 4. Saa 4 alikuja mkewe kunipa habari ya msiba.

Miezi kadhaa baadaye, kwenye mafunzo ya siku mbili, daktari aliyekuwa akitufundisha alichukua karatasi ya ECG, akaigeuza juu chini, akaishika dirishani na kuitazama kwa upande wa nyuma ili mwanga upenye. Mstari uliokuwa umezama ukawa umepanda. Moyo, alisema, hulishwa na mishipa mikubwa mitatu, na mmoja wao hupita ubavuni na kuzunguka kwenda nyuma. Sisi tunabandika vinyonyo sita vya mashine, V1 hadi V6, mbele na pembeni ya kifua. Ukuta wa nyuma ukikosa damu, vilivyo mbele vinaona kinyume chake.

Nilirudi kazini nikaifukua karatasi ya mzee, nikaishika dirishani vilevile. Ilibidi nikae chini.

Tangu hapo nimesoma kila nilichoweza kukipata. Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya wagonjwa zaidi ya 40,000 waliopata mshtuko wa moyo bila mstari kupanda. Walipopigwa picha za mishipa, karibu robo yao walikutwa na mshipa ulioziba kabisa, na hao walikufa zaidi kuliko wenzao ambao damu yao ilikuwa bado inapita. Robo nzima! Na kwa utaratibu uliozoeleka, hao ndio wanaowekwa kwenye foleni ya kusubiri, eti mstari wao haukupanda. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani, Stephen Smith, Pendell Meyers na Scott Weingart, walitaka jina lenyewe la ugonjwa libadilishwe: tuulize kama mshipa umeziba, tuache kuuita ugonjwa kwa umbo la mstari. Mimi nipo upande wao. Jina ndilo lililonifunga macho alfajiri ile.

Hapa kwetu tunapoteza watu hata kabla ya kufika kwenye mjadala huo. Utafiti uliofanyika Hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2020, uliwapima wagonjwa waliofika idara ya dharura na maumivu ya kifua au kubanwa pumzi. Zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na mshtuko wa moyo. Ndani ya siku 30, zaidi ya 4 katika kila 10 kati yao walikuwa wamefariki. Wengi hawakuwa wametambuliwa.

Nisieleweke vibaya: miongozo ya tiba inautambua mshtuko wa ukuta wa nyuma. Kinachokosekana ni mkono wa kuhamisha vinyonyo. Kazi yenyewe haichukui dakika tatu. Unamgeuza mgonjwa kidogo ubavu wa kulia, unang'oa V4, V5 na V6, unavipeleka mgongoni kushoto, chini ya ncha ya mfupa wa bega hadi karibu na uti wa mgongo. Hapo mstari ukipanda nusu ya mraba mdogo tu, inatosha. Usipopanda na maumivu bado yapo, unapima tena baada ya robo saa.

Nusu mraba ndiyo niliyoiona kwa mama lishe mmoja wa kwa Mnyamani. Alisema ni moshi wa kuni. Mbele mstari umezama, mgongoni umepanda. Nikamtafunisha aspirini miligramu 300, nikapiga simu, tukamwingiza kwenye gari ya jirani kuelekea Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Ilikuwa saa 12 jioni. Barabara ya Uhuru imefunga, na dereva akipiga honi mpaka Ilala Boma. Walimkuta na mshipa wa nyuma umeziba, wakauzibua na kuweka kijibomba cha kuutanua. Amerudi kwenye masufuria yake, ingawa nimemgombeza kuhusu chumvi.

Siku chache baada ya hapo nilikwenda sokoni, kwenye meza ya nazi ambayo sasa anaishika mjane wa mzee. Nikamweleza yote, pamoja na karatasi ile ilivyosema na mimi nilivyoshindwa kuisoma. Alinyamaza muda mrefu, akiendelea kupanga nazi.

"Na wanangu," akauliza, "nao wanaweza kuwa nayo?"

Jumamosi akawaleta wote wawili. Mkubwa alikuwa na presha 168 kwa 104. Nikampumzisha kwenye benchi dakika 10, nikapima tena. Ilikuwa palepale.