Muhuri wa Vidole

Hapana kiungo katika mwili wa mwanadamu, baada ya ulimi, kilichojaliwa ufasaha kama mkono. Mkono huita na hufukuza, huapa na huomba, hulaani na hubariki; na aghalabu hutimiza hayo yote kabla ulimi haujajikusanya kusema. Kwa hiyo si ajabu kwamba dini kongwe za Bara Hindi ziliutwaa mkono zikaufanya lugha, kila kidole kikiwa na maana yake. La ajabu ni kwamba lugha hiyo leo hutazamwa kila siku na vijana wa mataifa mengi wasiojua hata jina lake, wakiwa mbele ya vioo vya televisheni na simu, katika filamu za michoro za Kijapani ambazo dunia imezoea kuziita anime.

Jambo lenyewe huenda hivi. Shujaa amezingirwa na adui, lakini hakimbii wala hachomoi upanga. Huinua mikono kifuani, hupindanisha vidole kwa namna isiyo ya kawaida, hutamka maneno machache, na papo hapo moto hulipuka, au mnyama mkubwa hutokea, au giza humfunika adui pande zote. Asiyejua hudhani kwamba vidole vile ni uzushi wa mchoraji aliyetaka kupamba vita. Dhana hiyo si sahihi. Vidole vile vina nasaba, na nasaba yake ni ndefu kuliko ya dola nyingi zilizopata kutawala.

Katika Kisanskriti ishara ya namna hiyo huitwa mudra, na maana ya neno hilo ni muhuri. Wachina walipoipokea dini ya Buddha walilifasiri kwa neno lao la muhuri, na Wajapani wakalirithi kwa matamshi yao, wakasema in. Hata leo Mjapani husema kwamba mtu anaufunga muhuri kwa vidole, kama mtu afungavyo fundo. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kusimama kidogo hapa. Neno muhuri lilitoka katika muhr ya Kiajemi, na wengi katika wachunguzi wa asili ya maneno huona kwamba muhr na mudra ni ndugu wa ukoo mmoja waliotengana zamani sana. Ndugu mmoja alikwenda mashariki akakaa katika vidole vya watawa. Mwingine alishuka pwani ya Afrika akakaa juu ya hati na barua za wenye mamlaka. Hawajaonana tena, lakini kazi yao haikubadilika.

Kazi ya muhuri ni mbili. Kwanza huthibitisha: barua iliyopigwa muhuri inajulikana ni ya nani. Pili hufunga: asiyehusika hana ruhusa ya kuifungua. Ishara za vidole zilifanya kazi zote mbili, na asiyezitenganisha kazi hizo hawezi kuelewa ni kitu gani kilichotokea baadaye katika filamu.

Kuthibitisha ndiyo kazi ya sanamu. Sanamu kubwa ya Buddha katika hekalu la Todai-ji mjini Nara, iliyofunguliwa macho kwa sherehe mwaka 752, imeinua mkono wa kuume, kiganja kikielekea mbele. Na maana yake ni kumwambia mja asiogope. Mkono wa kushoto umelala wazi, kwa maana ya kutoa. Ile ya Kamakura, ambayo kazi ya kuisubu kwa shaba ilianza mwaka 1252, imepumzisha mikono yote miwili mapajani katika hali ya kutafakari, nao ni muhuri wa Amida. Sanamu nyingine humwonyesha Buddha akiigusa ardhi kwa ncha za vidole, akiiita iwe shahidi wake usiku ule alipojaribiwa na Mara. Wala alama hizi si za Wabuddha peke yao. Shiva wa Wahindu, achezapo ngoma yake katikati ya duara la moto, ana mikono minne: mmoja una kigoma, mmoja una mwali, mmoja waelekeza mguu ulioinuliwa, na mmoja umenyanyuka na kiganja chake mbele, ukisema lile lile la Nara, usiogope. Hata wachezaji wa jukwaani katika Bara Hindi walikuwa na hesabu yao: kitabu cha kale cha Natyashastra, kinachonasibishwa na Bharata, kinataja ishara 24 za mkono mmoja na 13 za mikono miwili. Jukwaa na hekalu vilikula sahani moja tangu zamani, na hili lafaa likumbukwe na wote wanaolalamika kwamba mambo ya ibada yameingizwa katika mchezo.

Kufunga ni habari nyingine. Mwaka 804 mtawa wa Kijapani, Kukai, alivuka bahari kwenda China, akajifunza katika mji wa Chang'an kwa mwalimu Huiguo, akarudi mwaka 806 na mafundisho ambayo kwao yalikuja kuitwa Shingon, yaani neno la kweli. Mafundisho hayo husema kwamba siri ni tatu: ya mwili, ya kinywa na ya moyo. Vidole hufunga muhuri, kinywa hutamka maneno matakatifu, moyo huiona sura ya Buddha. Na zikikutana siri tatu za mja na siri tatu za Buddha, mpaka kati yao huondoka. Kila kidole kina mahali pake: kidole cha mwisho ni ardhi, cha pete ni maji, cha kati ni moto, cha shahada ni upepo, na gumba ni anga. Mkono wa kuume ni upande wa Buddha na wa kushoto ni upande wa viumbe. Muhuri mashuhuri wa Dainichi, uonekanao katika sanamu aliyoichonga Unkei mwaka 1176 kwa ajili ya hekalu la Enjo-ji, ni kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilichosimama na kushikwa na ngumi ya kuume: kiumbe amekumbatiwa na hekima.

Mambo haya hayakuandikwa ovyo wala kuonyeshwa kila mtu. Mwalimu alimpa mwanafunzi wake, naye akampa wake. Na katika ibada kuhani wa Shingon huificha mikono yake chini ya vazi afungapo muhuri, ili hata aliyeketi karibu naye asiuone. Nguo ile ni sehemu ya ibada. Mkono uliofunikwa husema kwamba jambo hili ni kati ya wawili, wala hakuna mtazamaji.

Ilikuwaje, basi, nguo ikaondolewa? Haikuondolewa kwa siku moja. Mafundisho yalipanda milimani pamoja na wacha Mungu wa Shugendo, waliochanganya Ubuddha, mizimu ya kwao na hekima ya Wachina. Mikononi mwao yalikutana na maneno tisa ya kinga ambayo asili yake si ya Bara Hindi hata kidogo, kwa kuwa yamo katika kitabu cha Ge Hong, Mtao wa China wa karne ya nne. Wajapani waliyavika maneno hayo mihuri tisa ya vidole, na wapiganaji wakayapenda. Kutoka hapo njia ya kwenda jukwaani ilikuwa fupi. Kuanzia mwaka 1839 ilitolewa kwa sehemu hadithi ya Jiraiya, jambazi mwenye uchawi wa chura. Ikaingia katika tamthilia za kabuki, na mwaka 1921 Makino Shozo akaifanya filamu. Mtu wa hila aliyefunga vidole akatoweka katika moshi akawa sura inayojulikana na kila mtoto wa Kijapani, na mtoto achezaye mchezo huo husimamisha kidole kimoja na kukishika kwa mkono wa pili, karibu sana na alivyofanya Dainichi wa Unkei, bila kumjua Dainichi wala Unkei.

Jiraiya huyo alizaliwa upya katika Naruto, hadithi ya picha ya Kishimoto Masashi iliyotolewa kuanzia mwaka 1999 hadi 2014 na kuingia katika televisheni mwaka 2002. Humo mihuri ni 12, na majina yake ni ya wanyama wa kalenda ya Kichina, kuanzia panya hadi nguruwe. Anayetaka kumwita mnyama wa kumsaidia hufunga nguruwe, mbwa, ndege, nyani na kondoo, kwa mfuatano huo na kwa kasi ya kutisha. Wapo mashabiki wanaoapa kwamba kila kidole cha Naruto kimetoka katika Veda. Watu hao wanaipenda India kuliko ukweli. Umbo la mihuri ile ni mchanganyiko, na sehemu yake kubwa ni ubunifu. Ila fikira iliyo chini yake ni ya kale: nguvu iitwayo chakra, ndugu wawili mahasimu waitwao Indra na Ashura kama miungu na maasura wa Wahindu waliopigana tangu mwanzo, na itikadi kwamba mwili, neno na nia vikiungana kitu hutendeka.

Karibu zaidi na hekalu ni Jujutsu Kaisen ya Akutami Gege, iliyotolewa kuanzia mwaka 2018 hadi 2024. Wahusika wake wakuu wa nguvu hufungua himaya zao kwa muhuri, na wafuatiliaji wa hadithi hiyo huutambua wa Gojo, vidole viwili vilivyopishana, kuwa ni wa Taishakuten, na wa Sukuna kuwa ni wa Enma. Taishakuten ni Indra, mfalme wa miungu. Enma ni Yama, hakimu wa wafu. Wote wawili ni Wahindu waliohamia Japani kwa njia ya China na kupewa majina mapya, kama walivyohamia Sarasvati, aitwaye huko Benzaiten, na Ganesha, aitwaye Kangiten. Mchoraji aliyempa mwuaji muhuri wa hakimu wa wafu hakuchagua kwa bahati.

Hata hivyo mtu mwenye imani yake ana sababu ya kuhuzunika. Katika hekalu muhuri hufungwa ili mtu aungane na aliye mkuu kuliko yeye; katika filamu hufungwa, mara nyingi, ili mtu amshinde mwenziwe. Tofauti hiyo si ndogo. Yaonekana wazi zaidi katika sehemu iliyoonyeshwa mwaka 2023, ambapo Gojo kijana, akiwa ameponea chupuchupu kufa, anaelea angani na kutamka kwamba mbinguni na duniani yeye peke yake ndiye mtukufu. Maneno hayo, kwa mapokeo, ni ya Buddha mchanga aliyepiga hatua saba mara tu alipozaliwa, mkono mmoja ukielekea juu na mwingine chini. Na kila tarehe 8 Aprili Wajapani huimwagia chai tamu sanamu ya mtoto huyo. Walimu wengi wa Kibuddha huyafasiri kuwa ni habari ya hadhi ya kila nafsi. Kinywani mwa Gojo yamekuwa ulevi wa nguvu. Lakini haki lazima itendeke kwa mwandishi pia: hadithi yenyewe inajua kwamba ni ulevi, na kijana yule hulipa kwa upweke.

Tena ishara haifi upesi kama wadhanivyo wanaoiombolezea. Kiswahili ni shahidi. Kidole kifuatacho gumba huitwa cha shahada, kwa sababu Mwislamu hukiinua katika sala anaposhuhudia umoja wa Mungu. Jina hilo hutumiwa na Mkristo amwonyeshaye mgeni njia, na mganga aelezaye mahali pa jeraha, na mtoto ajifunzaye kuhesabu. Hakuna hata mmoja anayesali wakati huo, wala hakuna anayeikufuru sala. Maana imelala ndani ya jina, na siku mtu akiuliza kwa nini kidole kimeitwa hivyo, huamka. Kijana anayeuliza kwa nini vidole vya Gojo vimepishana amekwisha kuishika ncha ya uzi unaofika kwa Indra. Nguo ya kuhani ingemzuia asiuone uzi huo kabisa.

Nayo sanaa hii, licha ya kupenda vita kwake, mara nyingine hurudi yenyewe mahali muhuri ulipotoka. Mwishoni mwa hadithi ya Naruto marafiki wawili waliokuwa maadui, Naruto na Sasuke, wamepigana hata kila mmoja amepoteza mkono: Naruto wa kuume, Sasuke wa kushoto. Nao watu wa dunia nzima wamefungwa katika ndoto, na anayetaka kuwafungua hana budi kufunga muhuri. Muhuri wahitaji mikono miwili. Hakuna kati yao aliye nayo. Basi Naruto hutoa wa kushoto, ambao kwa walimu wa Shingon ni upande wa viumbe, na Sasuke hutoa wa kuume. Vidole vya mmoja huingiana na vya mwingine, damu ikiwa haijakauka, na waliolala huanza kuamka mmoja mmoja.