Vyungu vyake viko jikoni kwa watu

Mugunga, magharibi mwa mji wa Goma. Saa kumi na moja alfajiri mama mmoja anaponda udongo juu ya kipande cha bati, mbele ya nyumba ya mbao aliyopanga. Anaanza mapema kwa sababu jua likipanda udongo unakauka upesi, na kwa sababu watoto wakiamka hakuna tena nafasi ya kukaa. Mwenyewe aliomba jina lake lisitajwe. Majirani wanamwita mama wa vyungu, na inatosha.

Alitoka vilima vya Masisi mwaka 2023 akiwa na watoto wanne, sufuria moja, na jiwe dogo jeusi lililofungwa ndani ya kitambaa. Jiwe hilo ni la kusugulia vyungu. Lilikuwa la mama yake, na kabla yake la nyanya yake. Njiani watu walimcheka: mtu anakimbia vita, anabeba jiwe, kama vile Goma kuna upungufu wa mawe!

Alikaa Bulengo ndani ya hema la plastiki mpaka Februari 2025, kambi zilipobomolewa na watu wakaambiwa warudi makwao. Wengi walirudi. Yeye alipata habari kwamba nyumba yake haina tena paa wala mlango, akabaki.

Mawe ya Goma ndiyo yaliyomtesa kwanza. Mji umekaa juu ya lava ya Nyiragongo. Ile ya mwaka 2002 ilipita katikati ya mji, ile ya 2021 ikasimama pembeni, na chini ya hizo kuna nyingine za zamani. Mtu anaweza kuchimba msingi, choo, hata kaburi, asikutane na udongo wa kufinyanga. Udongo wake unatoka mabondeni upande wa Sake, unaletwa kwa chukudu, na mwenye chukudu analipwa kabla chungu hata kimoja hakijauzwa. Kuni pia ni shida. Tena hawezi kuchoma vyungu uani, maana nyumba zote ni za mbao na zimegusana. Anabeba vyungu vibichi kichwani, viwili viwili, mpaka kwenye uwanja wa lava ambako hakuna nyumba, anangoja asubuhi isiyo na upepo, anavifunika kwa majani makavu na maganda ya mti, anawasha. Vikitoka vinne vizima kati ya sita, siku hiyo ni nzuri. Vilivyopasuka havitupi. Anavisaga, anachanganya unga wake na udongo mpya ili ule mpya usipasuke.

Mtoto wa dada yake, kijana aliyemaliza shule ya sekondari na hana kazi, ndiye aliyeleta habari. Kwenye simu yake lilifika tangazo la rezidansi ya wafinyanzi huko Ulaya. Rezidansi ni hivi: msanii anakaribishwa mahali kwa muda, mwezi mmoja au miezi mitatu, anapewa chumba cha kulala, karakana, udongo na tanuru, afanye kazi yake bila kufikiria soko. Mwishoni mara nyingi kuna maonyesho, watu wanakuja kutazama, wengine wananunua. Mahali pa namna hiyo papo kweli. Oisterwijk nchini Uholanzi kuna kituo kinachopokea wasanii kwa miezi mitatu. Skælskør nchini Denmark kipo kingine. Shigaraki nchini Japani, mji wa wafinyanzi tangu karne nyingi, nao wanapokea wageni.

“Mama mkubwa,” kijana alisema, “wanataka picha kumi za kazi zako.”

Mama alicheka mpaka akaacha udongo. “Kazi zangu ziko jikoni kwa watu. Zinapika maharagi.”

Matangazo haya yanaandikwa kwa ajili ya mtu mwenye kabati. Anayeyaandika anadhani kwamba mfinyanzi anatengeneza chombo, anakiweka, anakipiga picha, anakipa jina. Huyu wa Mugunga chungu chake kikipoa tu kina mwenyewe. Miaka thelathini amefinyanga na hana hata kimoja cha kwake. Yeye mwenyewe anapikia sufuria.

Basi walitoka, shangazi na kijana, siku mbili mtaa kwa mtaa, kutafuta vyungu walivyouza. Mwenye duka mmoja alikuwa na mtungi wa maji ya kunywa, mzuri, shingo nyembamba, akakubali wautoe nje mwangani. Kwenye kanisa moja la mbao walikuta chungu kimewekwa maua ya plastiki. Kwa mjane mmoja kilikuwa kimepasuka nusu, vifaranga wananywea. Vingine vinne vilikuwa motoni, vimejaa masizi, na kijana akataka kuvisafisha kabla ya picha. Mama alikataa. “Wakitaka kukiona chungu, wakione kimefanya kazi.” Pengine hapo alikosea, kwa sababu wanaochagua hawajui masizi ni nini. Lakini hakuna aliyeweza kumbadilisha.

Usiku, wakingoja umeme urudi, kijana alimwonyesha picha za wengine waliopita njia hiyo. Ladi Kwali alizaliwa katika kijiji cha Kwali, Nigeria. Hakusoma shule. Alifundishwa kufinyanga na shangazi yake. Vyungu vyake vilikuwa katika nyumba ya mtawala wa Abuja, mji ambao leo unaitwa Suleja, na hapo Mwingereza Michael Cardew akaviona mwaka 1950. Cardew alipofungua kituo cha ufinyanzi katika mji huo, Ladi Kwali aliingia mwaka 1954, mwanamke wa kwanza kuingia. Kabla ya miaka kumi kwisha vyungu vyake vilikuwa vimeonyeshwa London, kisha akaalikwa Ulaya na Marekani kufinyanga mbele ya watu. Leo sura yake iko kwenye noti ya naira 20.

Halafu Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950. Huyu alikwenda kusoma Uingereza, na katika miaka ya 1974 na 1975 akarudi Afrika, kwenye kituo kile kile cha Ladi Kwali, kujifunza kufinyanga kwa mikono. Vyombo vyake havipakwi rangi inayong’aa. Vinasuguliwa mpaka ving’ae vyenyewe. Moto wa kwanza unavifanya vyekundu, na vikirudishwa motoni kwa moshi bila hewa vinakuwa vyeusi.

Mama aliishika simu kwa muda mrefu. “Huyu anajua jiwe,” alisema. Halafu akauliza: “Hiki kinapika nini?”

“Hakipiki, mama mkubwa. Kinatazamwa tu.”

Hakujibu. Katika Kivu, kama Rwanda na Burundi, kufinyanga kunaitwa kazi ya Batwa, na wengi wanalisema neno hilo wakiwa wamekunja pua. Mama huyu ni Mtwa. Wapo wateja wake wanaokula chakula kilichopikwa ndani ya chungu chake lakini hawawezi kunywa naye kwa kikombe kimoja. Kwamba kuna nyumba mahali fulani duniani ambamo chungu kinawekwa juu ya meza peke yake, na watu wanakizunguka kimya, hilo lilimshangaza kuliko noti ya Nigeria.

Kijana akampa na habari ya Faenza, nchini Italia. Huko kuna makumbusho ya vyombo vya udongo yaliyoanzishwa mwaka 1908. Mwezi wa Mei 1944, wakati wa vita, mabomu yaliyaangukia na vyombo vikawa vigae. Baada ya vita waliomba vyombo vipya kutoka nchi nyingine, na hata Picasso alituma vya kwake. Leo mji huo unaandaa mashindano ya kimataifa ya wafinyanzi. “Na vile vigae?” mama aliuliza. Alitaka kujua kama walivisaga.

Karibu na nyumbani nafasi hazikosekani. Lubumbashi kuna maonyesho makubwa ya sanaa yanayoandaliwa na kundi la Picha tangu mwaka 2008. Kinshasa, chuo cha sanaa, Académie des Beaux-Arts, kinafundisha ufinyanzi. Lakini mwisho wa Januari 2025 safari za ndege Goma zilisimama, na benki zikafunga milango. Paspoti nayo inatafutwa mbali. Kwa mama wa Mugunga, Lubumbashi na Uholanzi zimekuwa mbali karibu sawa.

Tangazo la pili lilikuja wiki ile ile, na hilo lilikuwa na haraka. Lilitaka dola 50 “za kufungua faili”, zitumwe kwa namba ya simu, kabla ya kuona picha hata moja. Kijana alikuwa tayari kukopa. Mama alimzuia: anayenunua chungu hukigonga kwanza asikie mlio, na huyu analipisha bila kugonga. Ni kweli zipo rezidansi zinazoomba msanii achangie gharama, hata zile za heshima, na nyingine hutoza ada kidogo ya maombi. Lakini hizo zinaandika bei yake wazi kwenye ukurasa wao, kwa watu wote, na zina barua pepe ya kituo. Anayedai pesa kwenye namba ya mtu, tena leo leo, anajulikana ni nani.

Kujaza fomu ya kwanza kuliwachukua usiku tatu. Anwani: waliandika Mugunga, Goma. Namba ya posta: mashine ilikataa kupita bila namba, wakaweka sifuri tano. Masomo ya ufinyanzi: “mama yangu”, na miaka. Palipoulizwa thamani ya kila kazi, kwa ajili ya bima, waligombana. Chungu anakiuza franka 6,000. Kijana aliandika dola 100. Mama akamwambia afute, watu watasema ni mwizi. Akaandika 40. Mama akasema hata hivyo ni aibu, lakini akanyamaza. Walituma zikiwa zimebaki saa chache tarehe ifungwe, kwa mega zilizonunuliwa kwa pesa ya makala.

Na watoto je? Miezi mitatu, mkubwa ana miaka kumi na miwili tu. Dada yake aliuliza hilo mbele ya wote. Mama alijibu kwamba wakisema ndiyo, ndipo wataanza kugombana juu ya hayo. Lakini jirani mmoja anasema kwamba wiki hizo alimsikia akimfundisha binti yake kupima unga wa wiki nzima.

Jibu lilifika baada ya wiki sita. Barua fupi, ya adabu: wanashukuru, maombi yalikuwa mengi, safari hii hapana. Kijana alimsomea pale kwenye uwanja wa lava, moto ukiwa bado unawaka.

“Wamesema vyungu ni vibaya?”

“Hawakusema.”

“Hawakuvigonga,” alisema, akaendelea kusukuma majani kwa kijiti. Baadaye kidogo akauliza tarehe ya mwaka ujao.

Siku ya Jumatano alichoma vyungu saba, vikatoka vitano. Kijana alikuwa amekuja na shuka jeupe aliloazima, akalitundika kwenye ukuta wa mbao, akaviweka kimoja kimoja juu ya kiti, mbele, upande, ndani. Akaandika urefu na uzito kwenye daftari. Mteja wa kwanza, mama mmoja muuza sombe, alisimama na pesa mkononi akiona chungu alichokwisha kulipia kinageuzwageuzwa kama bibi harusi. Aliuliza kama wanakiuza au wanakizika. Mama wa vyungu alimwambia, “Ngoja, dada yangu, hiki nataka kibaki kidogo.” Alipiga picha moja zaidi, ya kitako, mahali ambapo jiwe lilipita mara ya mwisho. Kisha muuza sombe akakigonga kwa kidole, akasikiliza, akakifunga kwenye kitenge chake na kwenda.