Mafundi wa Paa Niliowaona

Nimeishi chini ya mapaa ya namna tatu, na kila moja lilikuwa na fundi wake, ada zake, na njia yake ya kudai haki pale kazi ilipoharibika. La kwanza lilikuwa la makuti, Pangani, katika nyumba ya babu yangu mzaa baba. La pili la bati, Tanga mjini, katika nyumba aliyoijenga baba. Na la tatu ni hili la mabati ya rangi nililoliezeka mimi mwenyewe Dar es Salaam baada ya kustaafu. Watu wanaposimulia mageuzi ya nyumba zetu aghalabu hutaja vifaa, kwamba zamani yalikuwa makuti na sasa ni mabati, nao husema kweli. Lakini kwa yule aliyepata kuamshwa usiku na tone la maji shavuni, kilichogeuka zaidi ni ushahidi, yaani ni nani awezaye kuuona ubovu wa kazi, na ni nani wa kuitwa aje kuujibia.

Nyumba ya babu ilikuwa ya Kiswahili kwa kila hali: ukumbi katikati, vyumba kuume na kushoto, baraza mbele na ua nyuma. Kuta zake zilikuwa za miti na udongo uliokandikwa. Juu yake boriti za mikoko zilibeba makombamoyo, makombamoyo yakabeba fito, na fito zikabeba makuti ya viungo. Makuti hayo yalishonwa na wanawake uani, kila jani likikunjwa juu ya ufito na kuunganishwa na mwenziwe kwa chane, na fundi aliyapanga akianzia mchirizini na kupanda hadi kileleni, safu juu ya safu, ili kila safu ya juu iifunike ya chini yake. Siri ya kazi yote ilikuwa katika nafasi iliyo baina ya safu na safu. Fundi mwaminifu aliibana nafasi hiyo hata ikawa chini ya shubiri. Fundi mwenye pupa, au mwenye nia ya kubakiza makuti akayauze kwingine, aliitanua. Hila hiyo, hata hivyo, haikuwa na pa kujificha, kwa kuwa nyumba haikuwa na dari, na mtu aliyejilaza chali kitandani adhuhuri aliliona paa lake lote kwa ndani, na kila palipopenya nuru alijua kwamba ndipo itakapopenya mvua.

Babu alikuwa na kawaida, ambayo hakuibuni yeye bali aliirithi, ya kumlipa mwezekaji thuluthi mbili za ujira kazi inapokwisha, na kuiacha thuluthi ya mwisho mpaka masika iwe imeanguka. Mwaka mmoja, nami ni mtoto niliyekwisha kuanza kwenda chuoni kusoma Kurani, alimtwaa fundi kutoka Bweni, ng'ambo ya mto, na mvua ya kwanza ikashuka juu ya kitanda cha bibi. Babu hakwenda kwa liwali wala hakupiga kelele. Alipotoka kusali alasiri alimtuma mtu kwenye kivuko, na fundi alipokuja alikaribishwa barazani, akapewa kahawa mbele ya wazee waliozoea kuketi hapo, na wote wakanyamaza.

"Fundi," babu akasema, "nyumba umeniezekea vyema, ila mvua haijapata habari."

"Mzee wangu, makuti hayakutosha."

"Neno hilo ungelisema ulipokuwa juu. Sasa unalisema uko chini, na maji yamekutangulia kulisema."

Wazee wakacheka, na fundi naye akacheka, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Kesho yake alipanda na makuti aliyoyatoa kwake, akaziba palipostahili kuzibwa, akashuka, akala wali pamoja nasi. Na baada ya mvua nyingine mbili tatu akaipokea thuluthi yake bila ya manung'uniko.

Sisimulii haya ili kudai kwamba watu wa zamani walikuwa malaika, maana kama wangekuwa hivyo babu asingekuwa na haja ya kuzuia thuluthi ya ujira. Fundi yule alifungwa na mambo yaliyo nje ya dhamiri yake: alivuka kwa mtumbwi ule ule tuliovukia sisi, alisali Ijumaa katika msikiti ule ule, na kazi yake ya mwaka ujao ilitegemea yatakayosemwa katika baraza kama ile. Kisha makuti yenyewe yalikuwa na rehema yake, kwa sababu hayakudumu ila miaka michache, na yalipooza na kuezuliwa ubovu wa aliyeyaezeka ulikufa pamoja nayo, na nyumba ikapewa nafasi ya kuanza upya kwa fundi mwingine.

Baba, aliyekuwa karani mjini Tanga wakati mkonge ulipokuwa bado una bei, alijenga kwa bati katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Bati la mawimbi halikuwa jambo jipya duniani: Henry Robinson Palmer, mhandisi wa gati za London, alilipatia hataza mwaka 1829, na miaka minane baadaye Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kukipaka chuma zinki kisipate kutu kwa haraka, na Unguja kwenyewe, mapaa mengi ya sakafu ya chokaa yaliyokuwa yakivuja katika Mji Mkongwe yalikwisha kufunikwa kwa bati zamani. Lakini kwetu lilikuwa heshima. Nyumba ya bati ilichemka mchana, na mvua ilipopiga hatukusikilizana, na bado hatukuwa tayari kuibadilisha kwa ya makuti, kwani haikuogopa cheche ya moto wala haikudai kuezekwa upya kila baada ya miaka michache.

Fundi wa baba alikuwa mzee wa makamo aliyejifunza kazi kwa kumfuata mwalimu wake miaka mingi, kwanza akibeba misumari tu. Nilisimama chini ya ngazi nikimpa alichotaka, naye alikuwa akisema na kazi yake kwa sauti, nami nikafaidika. Msumari, alisema, hupigwa mgongoni mwa bati, kamwe si bondeni, kwa kuwa bondeni ndiko yapitako maji. Wala usipigwe kwa hasira, maana mgongo ukibonyea maji hukaa hapo na kutafuta njia ya kuingia. Bati la pili hulilalia la kwanza kwa wimbi moja na nusu. Na kwa kuwa nyumba ilijengwa kwa urefu toka kusini hadi kaskazini, alianza kuezeka kwenye ncha ya kaskazini akirudi kusini, ili upepo wa kusi uletao mvua upite juu ya maungio ya mabati badala ya kuingia chini yake. Hayo yote hakuna aliyemwamuru ayafanye, na mtu aliyesimama barabarani asingeweza kujua kama ameyafanya au ameyaacha.

Hapo, nadhani, ndipo mambo yalipogeuka, nasi hatukutanabahi. Mwaka uliofuata baba alitia dari nyeupe iliyopigiliwa mbao nyembamba kwenye viungo vyake, wageni wakaisifu, na tangu siku hiyo paa likaondoka machoni petu. Bati nalo lina tabia ambayo makuti hayakuwa nayo: maji yakiingia mahali, hayadondoki hapo hapo, bali hufuata papi na mbao za kenchi, yakasafiri hatua kadha wa kadha, na kutokeza katika chumba kisicho na kosa lolote. Paa la baba halikuvuja, kwa kuwa fundi alikuwa mwadilifu. Lakini kama lingevuja, baba na elimu yake yote asingeweza kumwambia fundi ni wapi.

Miaka ya dhiki, iliyoanza baada ya Vita vya Kagera na kuendelea mpaka katikati ya miaka ya 1980, niipite kwa ufupi. Bati lilikuwa adimu, lilitafutwa kwa kibali na kwa kujuana, na aliyepata mabati ya zamani yenye matundu aliyaziba kwa lami akashukuru. Katika hali hiyo nani angemkemea fundi? Tulijizoeza kusema kwamba heri paa livujalo kuliko nyumba isiyo na paa, na neno lililofaa kwa wakati wa shida likabaki midomoni hata biashara ilipofunguliwa na madukani kukajaa mabati ya kila rangi.

Nilipoezeka nyumba yangu mwenyewe, mabati ya msauzi ndiyo yaliyokuwa yakitamaniwa, na mapaa yalikuwa yamekwisha kuwa na vipaa vingi vyenye kukutana na kuachana, tofauti na vile viwili vya babu. Nilipata kandarasi aliyesifiwa na jirani, kijana mwenye maneno mazuri na gari dogo la mizigo. Nilimweleza ada ya babu, kwamba thuluthi ya ujira ingoje mvua. Akatabasamu kwa adabu. "Mzee wangu," akaniambia, "siku hizi fundi hangoji mvua, anangoja kazi nyingine." Tukapatana kwamba sehemu ya kumi tu ibaki, nikampa arubuni, tukaandikiana hati iliyotaja mabati ya geji 28 na kutiwa sahihi na mashahidi wawili, na kazi ikaisha kwa haraka iliyowapendeza wapita njia.

Masika ilipoanza, doa la rangi ya chai likatokea darini sebuleni, kisha jingine varandani, na lile la kwanza likatanuka hata jipsamu ikalegea na kuning'inia. Kandarasi alipokea simu mara ya kwanza na kuahidi kesho. Baadaye simu yake ikawa haipatikani. Nikamwita kijana mwingine, mhitimu wa chuo cha VETA, apande kutazama, nami kwa umri wangu nikapanda ngazi nyuma yake hadi pale shingo iliponiwezesha kuona. Alininyooshea kidole pasipo maneno mengi. Misumari kadhaa ilikuwa bondeni, na mingine ilikuwa imeikosa papi kabisa na kuacha tundu lililozungukwa na kutu. Mabati mawili yalilaliana kwa ukingo mwembamba usiozidi upana wa vidole viwili. Na pale vipaa viwili vilipokutana, bati la kupokelea maji lilikuwa fupi, likaungwa katikati kwa gundi nyeusi ambayo jua lilikwisha kuipasua. Kisha akafungua bati moja la kipaa cha nyuma, akaligeuza, tukasoma alama iliyopigwa kwa chini: geji 32. La kipaa cha mbele, kinachoonekana na watu njiani, lilikuwa 28 kama tulivyoandikiana. Hesabu ya geji huenda kinyume, namba ikikua bati hupungua unene, na hivyo nusu ya nyumba yangu ilikuwa imefunikwa kwa bati jembamba nililolilipia bei ya bati nene.

Nilikwenda ofisi ya serikali ya mtaa nikiwa nimekunja hati yangu mkononi, na yule kijana amebeba bati kichwani. Mama Mwenyekiti alimpata kandarasi kwa simu yake mwenyewe, jambo ambalo mimi sikuweza, naye siku ya shauri akaja. Alianza kwa kusema kwamba mvua ya mwaka ule ilikuwa kubwa mno. Mama Mwenyekiti akaisoma hati, akaligeuza bati, akaisoma alama, akauliza swali moja: "Baba, mvua ndiyo iliyobadilisha hii namba?" Baada ya hapo mazungumzo yalikuwa mepesi. Kandarasi aliahidi kurekebisha maungio na misumari, naye akafanya hivyo, kwa uangalizi wa yule kijana. Aliahidi pia kurudisha tofauti ya bei kwa mafungu mawili, na fungu la kwanza nikalipokea. La pili silitazamii tena.

Haki yangu ilipatikana nusu, na hiyo nusu ilitokana na karatasi iliyotaja namba, bati lililopigwa alama na mtu mwenye ujuzi aliyekubali kupanda. Macho ya barazani, yaliyomtosha babu, yasingenifaa kitu, maana wazee wote wa mtaa wangesimama uani na kuona paa zuri jekundu. Katika ujenzi mkubwa jambo hili linafahamika: mikataba ya majengo ya umma huweka kipindi cha matazamio, na sehemu ya malipo huzuiwa mpaka kipindi hicho kipite na kasoro zirekebishwe, ambayo ndiyo thuluthi ya babu kwa jina jingine. Wajengao nyumba ndogo ndio walioiacha, na kwa upande fulani tumeiacha kwa kutaka rahisi. Kwani kandarasi yule, alipokuwa akirekebisha kazi yake, aliniambia bila ya uchungu kwamba wateja humshindanisha na watu watano kwa bei, na mwenye kushinda hana budi kuitafuta faida yake mahali pasipoonekana.

Neno hilo sikulisahau. Mpwa wangu alipotaka kuezeka mwaka uliofuata, alikuja kuniuliza, nami nikamwandikia mambo ya kuingiza katika mapatano: geji ya mabati kwa kila kipaa, kiasi cha kulaliana, mahali pa misumari, ruhusa ya mtu wake kupanda na kutazama kabla dari haijafungwa, na robo ya ujira kungoja mvua. Mafundi wawili wakakataa. Wa tatu aliisoma karatasi yote, akauliza masharti mawili matatu, kisha akakubali kwa bei iliyo juu kuliko za wenziwe. Mpwa wangu akailipa ziada ile bila kusita, akiwa ameelewa kwamba pamoja na mabati na misumari alikuwa akinunua mtu wa kumwita masika ikija.