Lampi za Philips mjini Kalemie

Boti ya mizigo kutoka Kigoma ilitufikisha Kalemie alfajiri, abiria tukiwa tumejibanza juu ya mifuko ya saruji. Bandari ya hapa imepakana na reli iliyofika ziwani mwaka 1915, enzi mji ukiitwa Albertville, na ni kwa ajili ya reli hiyo nilivuka ziwa. Ilileta makarani, mafundi mitambo na wakubwa wa Kibelgiji, na miaka ya 1950 nyumbani mwao ziliingia redio za Philips na za SBR ya Brussels. Karibu zote zilitumia valvu, ambazo mafundi wa huku wanaziita lampi. Amplifaya yangu ya nyumbani inataka lampi za namna hiyo, EL84 mbili na ECC83 moja, na ndizo nilizozifuata huku.

Nikaulizia kuanzia mwanzo wa Barabara ya Lumumba. Vijana wanaotengeneza simu walinitazama tu, hadi mmoja akanipeleka mwenyewe kwa mzee aliyerithi ufundi kwa baba yake, mtu wa reli.

“Papa, shikamoo. Natafuta EL84.”

Akavuta kopo la maziwa ya unga chini ya meza. Ndani, kila lampi ilikuwa imeviringishwa kipande cha kitenge. Nikaokota moja yenye maandishi ya Miniwatt, chapa ya Philips, nikaanza kuyasoma.

“Usisome jina kwanza, mwana. Angalia kule juu.”

Kule juu, upande wa ndani wa kioo, huwa kuna doa linalong'aa rangi ya fedha. Ni bariamu, iliyowekwa kiwandani ili inyonye hewa yoyote itakayosalia. Doa likiwa bado linang'aa, utupu upo. Likigeuka jeupe pe, hewa imeshaingia, na bila utupu elektroni hazisafiri kama inavyotakiwa. Ile niliyoshika ilikuwa nyeupe.

“Hii ilikufa. Hata bure usiichukue.”

Jina likaja baadaye, na kwa lampi za Ulaya jina lenyewe ni maelezo. E ni filamenti ya volti 6.3, L ni pentodi ya kusukuma spika, C ni triodi, kwa hiyo CC ni triodi mbili ndani ya kioo kimoja, 8 ni kitako cha pini tisa. EL84 ilitoka mwaka 1953 na ikaingia katika redio nyingi mno za Ulaya, ndiyo maana bado zinapatikana hata kando ya Ziwa Tanganyika.

Mzee akachomeka lampi moja kwenye redio yake ya majaribio. Tukasubiri. Filamenti ikaanza kuiva taratibu hadi rangi ya chungwa, kisha kwenye mawimbi mafupi akaja mtangazaji, sauti nene, imetulia. Akaigonga lampi kidogo kwa penseli huku ametega sikio. Ingelia ngiii kwenye spika, angeiweka pembeni. Haikulia. Hivyo hivyo tukapata ECC83, lakini EL84 ya pili iliyo nzima haikuwemo koponi.

Ilikuwepo rafuni, ndani ya Philips ya mbao. Nikataja bei, nikaongeza, nikaongeza tena.

“Hii redio ingali inasema. Sitaiua.”

Nikavuka kurudi na lampi mbili, na ninaamini mzee alikuwa sahihi. Wapenzi wa muziki wa Ulaya, Marekani na Japani wanazilipia sana lampi za zamani, hasa Mullard na Telefunken, hata lampi moja huweza kuizidi bei redio yenyewe. Hapo ndipo redio nzima inapokatwakatwa. Na haja ya kufanya hivyo haipo, kwa kuwa EL84 mpya zinatengenezwa hadi leo Urusi, Slovakia na China. Ya pili niliiagiza Slovakia.

Kama kwenu kuna redio ya babu iliyonyamaza, usiichomeke ukutani kuijaribu. Kapasita zake za karatasi zimechoka, na ndani mna umeme unaopita volti 200, ambao huweza kukaa humo hata baada ya kuchomolewa. Mpe fundi abadilishe kapasita kwanza. Lampi mara nyingi utazikuta nzima. Na akija mtu anayetaka lampi peke yake, muuzie redio nzima au mnyime.