Shibe ya Betri

Katika miaka ya 1990, Sola ya Maswa ilipokuwa ingali katika Mkoa wa Shinyanga (Simiyu ilifanywa mkoa mwaka 2012), mkulima mmoja wa pamba alinunua betri ya gari. Gari hakuwa nalo, wala hakulitamani. Alitaka redio kaseti yake iseme, na zaidi ya nyimbo alitaka matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam, maana nduguze walikuwa wametawanyika na simu haikuwapo.

Betri ilipochoka aliifunga kwenye keria ya baiskeli, akaipeleka mjini Maswa kuchajiwa. Huduma hiyo ilikuwa na bei yake, naye akaingiwa na ubahili: aliitumia mpaka sauti ya mtangazaji ikawa kama ya mgonjwa, kisha akaiweka pembeni wiki mbili tatu akingoja fedha. Hapo ndipo alipoiua. Betri ya risasi na asidi, aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, haichukii kazi kama inavyochukia kukaa tupu. Ikiachwa hivyo, chumvi ya salfeti huganda juu ya mabamba yake, na umeme ukija haupati pa kukaa. Tena ile ya gari imeumbwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, si kukamuliwa hadi tone la mwisho.

Msimu wa tatu ilizima usiku, tangazo likapita. Habari za msiba wa kaka yake alizipata mnadani, matanga yamekwisha kuanuliwa.

“Mzee wangu, betri hulishwa ingali na shibe,” fundi alimwambia alipompelekea mpya. Iliyopumzika ikisoma volti 12.6 imeshiba, ikishuka hadi 12.2, karibu nusu imekwenda. Maji yakipungua huongezwa yaliyokenekwa tu, si ya kisima, wala si asidi, kwa kuwa kinachopotea ni maji. Na kibatari kikae mbali na betri inayochajiwa, kwani hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka.

Mzee hakuwa na mita. Alichora mistari ya mkaa ukutani, mmoja kwa kila usiku wa redio, na ulipotimia wa nane alipanda baiskeli, hata kama sauti ilisikika vizuri. Watoto walinung’unika. Siku za safari hiyo alimwomba jirani amsikilizie matangazo.