Ng'ombe Waotao Ndoto

Mfugaji wa Eldoret humtazama ng'ombe akahesabu maziwa. Marehemu Bwana Jak Katarikawe, mzaliwa wa Kigezi katika Uganda, alimtazama akaona kiumbe apendaye na aotaye ndoto. Hakusoma shule, hata kuandika hakujua. Alikuwa dereva, akichora kwa kujifunza mwenyewe, mpaka Bwana Sam Ntiro, mchoraji aliyefundisha Makerere, alipoziona kazi zake akamtia moyo. Baadaye akahamia Nairobi. Kila picha ilikuwa na kisa chake, naye alikisimulia kwa mdomo, maana kalamu ilimshinda lakini brashi haikumshinda kamwe. Mwaka 2001 makumbusho ya Frankfurt, Ujerumani, yalionyesha picha zake. Alifariki mwaka 2018. Walionunua ng'ombe wake wengi wao walikuwa wageni, na ni ajabu kidogo, kwani waliozoea kukamua hawakuwaona.